Baada ya kipaimara
Katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kijana husoma kipaimara kwa takriban miaka 2, akikariri Katekisimu Ndogo aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529. Siku ikifika kuna suti, keki na picha. Mwezi haujaisha, kanisani haonekani tena. Mwalimu wa shule ya Jumapili, anayemfahamu tangu akigombea kalamu za rangi mkekani, hana hata nauli ya bodaboda ya kumfuata nyumbani. Hili linaniuma. Kabla ya kununua spika mpya za kanisa, tumwezeshe mwalimu huyu. Kijana aliye sekondari angalau ana UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, shuleni. Aliyeishia darasa la saba, anayeshinda gereji mikono imejaa grisi, nani atapita kumjulia hali Jumatano jioni?