Dawa ya mzazi isitegemee friji

Mama akishajifungua, mkunga humchoma sindano ya oksitosini ili kizazi kikaze na damu isivuje kupita kiasi. Dawa hiyo ni nakala ya homoni ya mwili wenyewe, mnyororo mfupi wa asidi amino 9, nayo hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Friji ikizimika, nguvu yake hupungua, lakini kichupa hakibadiliki rangi. Mkunga hajui kwamba amechoma dawa dhaifu mpaka aone damu haikatiki.

Wanakemia wameirekebisha homoni yenyewe. Katika kabetosini, kiungo cha salfa kinachoifunga pete ya molekuli kimebadilishwa, na ncha inayoshambuliwa na vimeng'enya imepunguzwa. Nusu ya oksitosini huondoka mwilini ndani ya dakika chache. Kabetosini huchukua zaidi ya nusu saa. Tena imetengenezwa aina inayostahimili nyuzi 30 kwa miaka 3 bila friji.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti uliolinganisha dawa hizo mbili kwa wanawake 29,645 katika nchi 10, Uganda na Kenya zikiwemo. Waliopoteza nusu lita ya damu au zaidi walikuwa asilimia 14.5 kwa kabetosini na 14.4 kwa oksitosini. Kama zinalingana, ya nini kubadili? Kwa sababu oksitosini ya utafiti ule ilitunzwa kwenye baridi muda wote. Kituo cha afya ambacho umeme wake hukatika hakina dawa ya namna hiyo.

Mwaka 2019 kabetosini iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu duniani, na kampuni ya Ferring iliahidi bei nafuu kwa hospitali za umma za nchi maskini. Wanawake wa Uganda walishiriki kuithibitisha. Wizara ya Afya ihakikishe inafika katika kila kituo cha daraja la tatu, ikianzia kule ambako umeme ni wa mashaka. Hospitali kubwa za Kampala, zenye friji na jenereta, zinaweza kungoja.

Sharti moja halina mjadala. Kabetosini haifai kuanzisha wala kuongeza uchungu: ikichomwa mtoto angali tumboni, kizazi hukaza bila kuachia, na mama na mtoto wote huwa hatarini. Kila mkunga afundishwe hilo kabla boksi la kwanza halijafika kituoni kwake.