Nyonga Si Kiuno: Wito kwa Wasomi wa Kiswahili

Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili huutaja mwili wa binadamu tunapochambua nahau na taswira. Maini hukatwa, shingo hufanywa ngumu, kichwa huvimba. Je, ni wangapi miongoni mwetu wawezao kueleza, kwa Kiswahili sanifu, jinsi nyonga inavyofanya kazi? Makala haya yanashikilia kwamba lugha yetu inatosha. Upungufu uko kwetu tusioitumia.

Kwanza, tutenganishe maneno. Kiuno kiko kati ya mbavu na nyonga. Nyonga ni pale paja linapoungana na kiwiliwili. Mzee asemapo "kiuno kinaniuma", huenda anakusudia uti wa mgongo au nyonga. Isitoshe, maumivu ya nyonga mara nyingi huhisiwa kinenani, na pengine gotini. Neno lisilo bayana huzidisha utata huo.

Pili, tutazame muundo. Kichwa cha fupaja, kilicho mviringo, hutulia ndani ya tundu la fupanyonga. Tundu hilo huundwa na mifupa mitatu ambayo hutengana utotoni na kuungana wakati wa kubaleghe. Nyuso za kiungo zimevikwa gegedu laini, nao ute hupunguza msuguano. Ligamenti ya mbele ya nyonga huhesabiwa kuwa yenye nguvu kuliko zote mwilini. Hutusaidia kusimama wima bila misuli kuchoka upesi. Mtu asimamapo kwa mguu mmoja, kiungo hiki huhimili mzigo unaozidi uzito wa mwili wake mara mbili.

Mfano wa mchi na kinu unafaa kwa kiasi. Kina cha kinu chaonyesha kwa nini nyonga haiteguki kwa urahisi kama bega, ambalo tundu lake halina kina kirefu. Hata hivyo, mchi hupanda na kushuka tu, ilhali fupaja hukunjwa, hunyooshwa, hutanuliwa na kuzungushwa. Kwa hivyo tusiridhike na tashbihi. Tuseme kiungo cha tufe na tundu.

Watakuwapo watakaodai kuwa haya ni ya madaktari, na kwamba istilahi zimekwisha kuundwa. Ni kweli kwamba TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Lakini istilahi hukomaa inapotumiwa, si inapohifadhiwa rafuni. Fauka ya hayo, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 humtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa. Ajuza aliyevunjika shingo ya fupaja ana haki ya kujua kwamba mishipa mikuu inayolisha kichwa cha mfupa hupitia shingoni humo, na kwamba ikikatika, kichwa hicho chaweza kufa. Hapo ndipo atakapoelewa kwa nini anashauriwa kuwekewa kiungo bandia, na kukubali au kukataa akijua anachoamua.

Napendekeza vyama vya Kiswahili vyuoni vishirikiane na wanafunzi wa udaktari kuandaa vijitabu vya wagonjwa, kiungo kimoja baada ya kingine. Tuanze na nyonga. Haba na haba hujaza kibaba.