UGALLA: NANI ALALE, NA KWA BEI GANI?

Bei ya kulala porini si jambo tuliandikalo mara kwa mara katika ukurasa huu, nasi twajua kuwa wasomaji wetu wengi hulala majumbani mwao na kuamka alfajiri kwenda kazini. Lakini pori la Ugalla ni mali ya wananchi. Mali ya wananchi ikiwekewa bei, wenye mali wana haki ya kujua nani anatozwa nini, na kwa sababu gani.

Ugalla, lililoko katika mikoa ya Tabora na Katavi, lilikuwa pori la akiba tangu katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 2019 sehemu yake ya kilomita za mraba 3,865 ilifanywa Hifadhi ya Taifa. Katika hifadhi zetu za taifa mpiga kambi hatozwi kwa hema lake bali kwa kichwa chake, usiku kwa usiku, mbali na kiingilio. Mtoto asiyetimiza miaka 5 halipi. Wa miaka 5 hadi 15 hulipa kidogo. Atimizaye 16 huhesabiwa mtu mzima, hata kama bado anavaa kaptura ya shule.

Baada ya umri huulizwa uraia. Raia wa Afrika ya Mashariki hulipa kwa shilingi, nazo ni elfu chache. Mgeni wa ng'ambo hulipa kwa dola. Kwa miaka mingi mgeni huyo alitozwa dola 30 kwa usiku mmoja katika kambi ya wote na dola 50 katika kambi maalumu, na tangu Julai 2016 ikaongezwa kodi ya asilimia 18 juu yake. Kambi ya wote ina choo na mahali pa kupikia. Kambi maalumu mara nyingi haina kitu ila miti na kivuli chake, yaani alipaye zaidi ndiye apewaye pungufu! Lakini anachonunua ni upweke, na mwenye fedha za kununua upweke na anunue.

Wako wageni wanaonung'unika kwamba bei mbili ni ubaguzi. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mwananchi amekwisha kulipa kwa kodi yake, na babu yake aliacha ardhi hiyo ili wanyama wakae. Kumtoza sawasawa na mtu aliyevuka bahari kwa ndege kungekuwa kumtoza mara mbili.

Kosa tunaloliona liko kwingine. Elfu chache hizo ni bei ya mlangoni tu. Reli itokayo Kaliua kwenda Mpanda huuvuka mto Ugalla, lakini garimoshi halimfikishi mtu kambini. Fundi mwashi wa Mpanda mwenye mke na watoto watatu atakodi gari, atanunua mafuta ya kwenda na kurudi, ataazima hema, na atafanya hayo yote wakati wa kiangazi kwa kuwa masika njia hazipitiki kwa urahisi. Akijumlisha, ada ya kambi ndiyo itakuwa ndogo kuliko zote. Kwa hiyo unafuu aliopewa hautumii. Twapendekeza Shirika la Hifadhi za Taifa na vyama vya wafanyakazi wakae pamoja, wapange basi moja la likizo na mahema ya kukodi kwa shilingi. Halihitaji mkopo wa nje jambo hili.

Sasa tuje kwa mpiga kambi ambaye hayumo kabisa katika orodha ya bei. Kabla ya 2019, kila kiangazi warina asali na wavuvi kutoka vijiji vya jirani waliingia Ugalla kwa kibali na kwa ada, wakajenga makambi yao, wakakaa humo kwa majuma. Walipandisha mizinga juu ya miyombo, wakarina kwa moshi, wakakausha samaki juu ya moto, wakarudi nyumbani na ada ya shule na bati za kuezekea. Pembeni yao walikuwako wawindaji wa kitajiri katika vitalu vyao. Mkubwa alilipa dola, mdogo alilipa shilingi, na wote wawili walilala.

Sheria ya hifadhi ya taifa imewaondoa wote wawili. Mwindaji amekwenda kutafuta kitalu kingine, nasi hatumlilii. Mrina asali yeye hana kitalu kingine. Mtalii na mrina asali wote hulala chini, huwasha moto na husikiliza simba usiku. Lakini leo mmoja huitwa mgeni na mwingine huitwa mvamizi, na hakuna bei yoyote awezayo kulipa huyu wa pili akakaribishwa.

Hatusemi kwamba warina asali wote ni malaika. Mzinga wa gome huua mti uliobanduliwa gome lake, na moto usiozimwa vizuri huteketeza pori. Tena majangili wamepata kujificha nyuma ya jina la uvuvi. Maofisa wa hifadhi wasemapo hayo hawasemi uongo. Lakini mizinga ya mbao ipo, na makambi yanaweza kuhesabiwa na watu wake kuandikwa majina. Tena Serikali yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linazungumzika: Kigosi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka uleule wa 2019, iliondolewa hadhi hiyo mwaka 2023 ikawa msitu wa hifadhi, ili ufugaji nyuki upate nafasi.

Hatudai kwamba Ugalla ifuate njia ileile. Pengine yatosha kutenga ukanda mmoja wa mpakani. Tunalodai ni kwamba Wizara ya Maliasili na Utalii iwaambie watu wa Ugalla waziwazi, kwa Kiswahili, ni wapi mrina asali aweza kupiga kambi, kwa siku ngapi na kwa shilingi ngapi. Jibu hilo litolewe kabla ya msimu ujao wa asali, na libandikwe palepale pabandikwapo bei za dola.