Nyumba ya Mjerumani haiuliwi na uzee

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulilinda jengo moja kwa moja iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Wakati huo Mjerumani alikuwa hajaitia mkononi pwani hii. Kwa hiyo nyumba ninayoishi na kulaza wageni hapa Tanga, yenye kuta za mawe unene wake dhiraa na zaidi, kisheria ni nyumba kuukuu tu mpaka waziri atangaze vinginevyo. Nikitaka niikandike saruji kesho, hakuna wa kuniuliza.

Na saruji ndiyo inayoziua nyumba hizi. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini mwaka mzima, na ndani yake mna chumvi ya bahari tangu siku jiwe lilipochimbwa. Lipu ya chokaa huruhusu unyevu utoke taratibu. Ukiubandika saruji ni sawa na kumvika mtu koti la mpira saa nane ya mchana mwezi wa Februari. Maji yanakosa njia, yanapanda juu, chumvi inavimba, lipu inabanduka vipande vipande. Mwenye nyumba anaita fundi aongeze saruji nyingine. Huku ndani, vichwa vya boriti vinaoza bila kuonekana. Kwenye sakafu zilizobebwa na vyuma ndiyo balaa zaidi, kwa sababu chuma kikishika kutu kinanenepa na kulipasua jiwe.

Jirani yangu mmoja ananiuliza kila mara nahangaikia nini nyumba ya mkoloni. Ana haki ya kuuliza. Nyumba za namna hii zililetwa na reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, na katani, ambayo miche yake ya kwanza ilifika mwaka huohuo kutoka Florida. Bwana mkubwa alikaa ghorofani kwenye upepo. Uani viko vyumba vya maboi, vidirisha vyake vimebanwa juu karibu na dari, mtu akae humo bila kuona nje. Mimi nalala katika kimojawapo, maana cha juu ndicho kinacholeta hela. Kuna mtu wa utalii alinishauri nitundike picha za Wazungu wenye kofia ngumu na meno ya tembo, eti wageni wanapenda. Nikamwambia hapana, baba, atakayelala hapa nitampeleka uani kwanza akavione vile vidirisha. Nyumba ikibomolewa, hadithi ya uani nayo inakwenda na kifusi. Isitoshe, aliyechora ni Mjerumani. Waliopasua mawe, wakachoma chokaa na kuyabeba yote hayo kichwani ni watu weusi, wengine kwa shuruti.

Kuitunza si kazi ya mapenzi peke yake. Chokaa inalowekwa shimoni wiki kadhaa kabla ya kuguswa. Lipu yake inapigwa nyembamba, inasubiriwa, inapigwa tena, inafunikwa magunia yenye maji isije ikakauka kwa pupa. Chumba kimoja kinakaa bila mgeni mwezi na zaidi, na benki haijui hesabu hiyo. Fundi wa saruji angemaliza kwa siku tatu na kuondoka akipiga mluzi.

Sisemi turudi kuchoma matumbawe kwa magogo ya mikoko; tumekwishaiharibu bahari vya kutosha. Lakini mawe ya chokaa Tanga si haba. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mawe hayohayo, na kiwanda cha Pongwe kinayasaga kila siku kutengeneza, naam, saruji. Tanuri dogo la chokaa ya kujengea lingeshindikana nini?

Mwaka 1863 usogezwe mbele, hilo ni la Bunge. Ila tusidhani karatasi inatosha. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na una mamlaka yake ya uhifadhi, na bado sehemu ya jumba lake la Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, ikaua watu wawili. Majengo haya yanataka mikono inayoyajua, na mikono hiyo inakwisha.

Mzee wa Ngamiani anayenitengenezea kuta ana wajukuu mafundi, wote wanapanga vigae. Vigae vinalipa, siwalaumu. Halmashauri ina majengo yake ya zama hizo yanayobanduka lipu hadharani. Ichague moja, iandike kwenye zabuni kwamba ni chokaa na si saruji, na iwalipe vijana kumi posho ya kutwa wajifunze kwa mzee huyu wakati bado ana nguvu ya kupanda jukwaa.