Mchungaji, Usimnyang'anye Kijana Vidonge Vyake

Kijana wa kwaya anayeishi na VVU ni hodari wa kujificha. Vidonge amevihamishia kwenye kopo la vitamini. Kliniki anaifuata wilaya ya pili, asije akakutana na mzee wa kanisa kwenye foleni. Ujanja huo hakufundishwa na virusi. Amefundishwa na kanisa.

Jumapili mlevi aliyeacha pombe atasimama kushuhudia, na jambazi aliyetubu atapigiwa vigelegele. Kijana huyu akisema, "Bwana asifiwe, naishi na VVU na ninameza dawa," wiki ijayo hatapangiwa kuimba. Watamuuliza alizini na nani, ilhali wako vijana wengi waliozaliwa navyo! Ushuhuda pekee unaokubaliwa kwake ni kwamba ameponywa. Kwa hiyo anasukumwa aseme uongo madhabahuni, kisha aulinde uongo huo kwa kuacha dawa.

Tumekwishaona haya. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha uponyaji cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Wapo waliotupa dawa zao za VVU, yaani ARV, baada ya kunywa. Virusi havikwenda popote. Leo kikombe kimegeuka mafuta ya upako na maji ya baraka, na anayeyatumia ni kijana mwenye miaka ishirini na mitatu aliyeambiwa kwamba kidonge ni dalili ya imani haba.

Huo ni ukatili. Tanzania inatoa dawa hizi bure tangu 2004, na siku hizi walio wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku. Anayekimeza bila kuruka, wingi wa virusi ukashuka hadi kipimo kisivione na ukabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Anaweza kuoa na kuzaa watoto wasio na maambukizi. Ni wachungaji wangapi wamelisema hili kwenye semina ya wachumba? Wanachojua ni kudai cheti cha kupima, na majibu yakitoka, siri ya kijana inafika kwa kamati ya harusi kabla hajafika kwa mama yake.

Na wasiseme haiwezekani kanisa kumkubali anayesema wazi. Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa Anglikana Uganda alijitangaza kuwa anaishi na VVU mwaka 1992, wakati dawa hizi zilikuwa bado hazijafika kwetu. Hakuvua joho.

Mchungaji, Jumapili hii tamka kutoka mimbarini kwamba kumeza ARV si dhambi, na siri za watu zikomee moyoni mwako. Nawe kijana, nabii akikuamuru utupe vidonge ili uonyeshe imani, lihame kanisa lake. Kliniki usiihame.