Hatari Ndogo kwa Nani?

Kibao chenye fuvu la kichwa na neno HATARI hufahamika hata kwa mtoto asiyejua kusoma. Lakini kibao hicho hutaja jambo moja tu: kwamba hapa pana kitu kiwezacho kuua. Hakisemi ni mara ngapi, wala kitamwua nani. Wataalamu wa usalama viwandani hutenganisha chanzo cha hatari, mathalani tangi la gesi ya sumu, na kipimo chake, yaani uwezekano wa tangi hilo kuvuja pamoja na ukubwa wa madhara yatakayofuata. Lugha yetu huyaita yote mawili hatari, na pengine ndiyo sababu huridhika upesi tunapoambiwa kwamba “hatari ni ndogo”.

Nchini Uingereza, mamlaka ya usalama kazini iliweka ukomo: uwezekano wa mfanyakazi kufa kwa ajali ya kazi usizidi mtu 1 kati ya 1,000 kwa mwaka, na kwa raia asiye mfanyakazi, 1 kati ya 10,000. Twausifu utaratibu huo, kwa maana unakiri kwamba jirani asiyepokea mshahara wa kiwanda hapaswi kubebeshwa mzigo ule ule. Hata hivyo, mwenye kuishi hapo miaka 70 chini ya ukomo huo wa raia hufikia takriban 1 kati ya 143. Tarakimu ni ile ile. Imesemwa kwa namna nyingine tu.

Tena hesabu huamini kwamba kinga zinafanya kazi. Huko Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilitoka katika kiwanda cha dawa za wadudu ikaua maelfu, wengi wao maskini wa vibanda vya jirani. Mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa, na mnara wa kuchomea gesi ulikuwa umetenganishwa na bomba lake.

Wala hayo si ya mbali. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka bombani iliwaka katika kijiji cha Sinai, Mukuru, Nairobi, na watu zaidi ya 100 wakafa. Walikuwapo waliosema kwamba wakazi hao hawakupaswa kuwa pale. Sisi twasema kwamba hatari hupimwa kwa watu walipo.

Basi viongozi wa walei, ghala la mafuta linapojengwa karibu na jumuiya zenu, ulizeni: hesabu hii ni ya mwaka mmoja au ya maisha? Imewahesabu watoto wanaolala hapa, au wafanyakazi wa zamu tu? Na jibu libandikwe langoni, kwa Kiswahili.