Kurudi Kwao si Talaka

Huku Muthara, kama kwingineko katika Tigania, ndoa inapovunjika hutangazwa kwa maneno matatu tu: "Mama amerudi kwao." Aghalabu mwalimu huyasikia muhula ukiwa katikati, anapouliza kwa nini dawati moja limebaki tupu.

Maneno hayo huficha jambo zito. Kutengana si kutalikiana. Aliyerudi kwao angali mke mbele ya sheria, hata ikipita miaka kumi. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ndoa ya kimila nayo huvunjwa mahakamani. Wazee waweza kuwapatanisha wanandoa kwanza, na Njuri Ncheke ina heshima yake, lakini neno la mwisho ni la mahakama.

Sarufi yetu nayo hutupotosha. Mwanamume huoa na huacha; mwanamke huolewa na huachwa. Sheria haimfungi mke katika kauli hiyo ya kutendwa: yeyote kati yao aweza kuomba talaka.

Kisha kuna mali. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 hutazama mchango wa kila mmoja, na mchango si fedha pekee. Kulea watoto, kutunza nyumba na kulima shamba vimo. Hata hivyo, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Sharti mchango uthibitishwe. Mke aliyepalilia miraa miaka 15, kisha akaondoka bila stakabadhi wala shahidi, atauthibitishaje?

Anayepigwa na aondoke upesi, kwani uhai hutangulia karatasi. Lakini akishapata usalama, na atafute nakala za cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na risiti, na majirani walioshuhudia jasho lake. Asingoje shamba liuzwe ndipo aanze kuuliza.

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Nyasi hapa ni watoto. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, humpa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la. Baba hakomi kuwa baba mama anaporudi kwao.

Walimu, tuwafunze vijana wetu tofauti ya maneno haya mapema. Asiyejua jina la haki yake atawezaje kuidai?